Mashine ya Marehemu Baba Isiyotoa Moshi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kaka yangu Kasimiri amepiga simu. Hakusalimia, hakumuulizia mtoto. Kauliza mashine iko wapi, kana kwamba nimeipika. Nimemwambia ipo sebuleni, imelazwa juu ya gunia, haisumbui watu kama kaka wengine.

Anasema Jumamosi ya wiki ijayo ukoo unakutana nyumbani Lupingu, ziwani, kugawa vitu vya marehemu baba, niilete. Yeye ndiye mtoto wa kiume. Mimi nimeolewa huku kwenye lami, mashine ya boti nitaifanyia nini, niiendeshe kwenye lami?

Nimekasirika mpaka maziwa yamekataa kutoka. Yusto kalia. Nimemwomba radhi mwanangu, kosa si lake, kosa ni la mjomba wake.

Baba aliileta mwenyewe hapa Makambako, juu ya lori, akitafuta fundi. Fundi hakupatikana. Akaniachia mimi, si Kasimiri, akarudi ziwani kusubiri. Akafa akisubiri. Mtu akikuachia kitu na asirudi kukichukua, hicho ni chako. Nimesoma mpaka la saba tu lakini hilo nalijua.

Kisha shangazi Conjesta akamnyang'anya Kasimiri simu. Kwetu vitu vya marehemu hugawiwa na shangazi, na neno lake likishatoka halirudi. Nyavu na majembe kwa wanaume, vyungu kwa wanawake. Mashine hajui kama ni jembe au chungu. Amechoka na kelele zetu. Kaamua hivi: mashine ni ya atakayeiwasha mbele ya ukoo. Naanza mimi kwa kuwa iko kwangu. Nikishindwa, Kasimiri anaichukua na mdomo wangu unafungwa.

Sawa. Nitaiwasha.

Niandike kwa nini, ili nisije nikasahau kwa hasira. Huku ni Juni. Baridi ya Lyamkena, mtaa wetu, inaingia mpaka kwenye meno, na kila baridi ikizidi kifua cha Yusto kinalia kama mlango mbovu. Lupingu kuna joto. Mama yangu bado anapandisha vilima na usipa, dagaa wa ziwani, kichwani kwenda kuuza Ludewa mjini, magoti yameisha. Mashine ikiwaka tunaifunga kwenye boti ya mbao ya baba, tunapakia usipa na abiria wa vile vijiji vya ziwani visivyo na barabara. Amos, mume wangu, yuko kwenye lori la viazi, leo Iwawa, kesho Dar, nyumbani anapita kama mgeni. Amekubali: mashine ikiwaka, tunahama. Isipowaka tunabaki hapa na baridi.


Jumatano, 11 Juni

Nimeifungua mashine kofia. Ndani nyigu wa udongo wamejenga kijiji kizima. Nimewafukuza kwa mwiko. Mmoja kaniuma kwenye nyusi. Jicho limefumba, nimefanya kazi kwa lile lililobaki.

Kamba ya kuwashia imeoza. Nimeweka kamba ya kufungia lumbesa ya viazi. Inashika vizuri. Kamba inayobana gunia la Makete haiwezi kushindwa na chuma.

Kabureta nimeitoa, nimeiosha kwa mswaki wa Amos. Atanunua mwingine.

Idda kaingia akaziba pua. Idda ni wifi yangu, dada yake Amos, tunaishi naye, anauza wali na maharage stendi. Kasema sebule inanuka kama sheli. Kauliza hiyo mashine ikishawaka inasaga mahindi? Haisagi. Inavuta maji ya bomba? Haivuti. Inafanya nini basi? Nikamwambia inasukuma boti. Akachungulia dirishani, akatazama ng'ambo ya barabara, akasema anaitafuta bahari haioni.

Ana bahati nilikuwa na jicho moja.


Ijumaa, 13 Juni

Nimembeba Yusto mgongoni, mashine nimeipakia kwenye toroli, nikaenda kwa Abdulatif. Huyu anatengeneza chenso, ile misumeno ya petroli ya kukatia misonobari. Nusu ya misonobari ya Njombe imeanguka kwa misumeno iliyopita mikononi mwake. Kanikaribisha kwa heshima, karibu mama Yusto, kisha akaitazama mashine akacheka. Anasema mashine ya boti hajawahi kuiona kwa macho, ila damu ni moja, hii na chenso ni ndugu.

Kanieleza mpaka nimeelewa. Gari na pikipiki zina mahali pake pa kuweka oili. Hii haina. Oili unaichanganya na petroli kwenye tangi, inakunywa vyote pamoja, na ile oili inapita ikiteleza kwenye pistoni. Halafu haina mambo ya kusubiri. Gari linavuta, linabana, linalipuka, linatoa moshi, kila kitu kwa zamu. Hii inavuta chakula kipya huku inatoa uchafu wa zamani, kwa pigo lile lile.

Nikamwambia basi ni Yusto. Ananyonya huku anajaza nepi. Abdulatif kasema tangu azaliwe hajasikia mtu akiieleza vizuri hivyo. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi.

Kachanganya petroli na oili kwa kipimo cha chenso mpya. Plagi kaifuta, moto upo. Kisha kaharibu. Kasema, ila hii ni kizee, dada. Vizee vinapenda mafuta. Zidisha oili.

Nikaangalia nyuma yake. Rafu nzima imejaa chupa za oili za kuuza.

Nikamuuliza, oili ikizidi inakuwaje? Kasema ikizidi sana inaloanisha plagi, mashine inagoma kuwaka. Ahaa. Yaani niizidishe igome, nirudi kununua plagi. Nimemuaga kwa adabu. Wafanyabiashara wa mji huu wakikuonea huruma, shika mkoba.


Jumapili, 15 Juni

Imewaka.

Nimeingoja misa iishe na Idda aende stendi. Nikaifunga kwenye pipa la maji uani, maana Abdulatif alinionya kwamba ikizunguka bila maji itaungua. Nikavuta. Nikavuta. Nikaitukana kwa Kipangwa, lugha ya baba. Ikawaka.

Nililia. Ilikuwa ni sauti yake kabisa, baba akirudi asubuhi, sisi tunakimbilia mchangani. Yusto kapiga makofi.

Halafu moshi. Wa bluu, mzito, ukafunika ua, ukaruka ukuta. Jirani mmoja kapaza sauti kuuliza nani anachoma matairi siku ya Bwana. Mwingine kasema piga simu zimamoto. Mzee wa nyumba ya tatu akaja na ndoo ya mchanga, akanisalimu kamwene kwanza, kisha akaimwagia mashine mchanga. Karibu auingize kwenye kabureta.

Pangaboi la kusukumia boti nalo likayachota maji ya pipa na kuyarusha juu ya nguo za Idda zilizokuwa kwenye kamba. Pipa likacheza ngoma. Nikalikumbatia. Tulizunguka ua mzima, mimi na pipa, mpaka petroli ikaisha.

Nimezianua nguo, nimezikunja zikiwa mbichi, nimezirudisha kabatini. Labda hataona.


Jumatatu, 16 Juni

Ameona.

Lakini nguo si kitu. Alfajiri Idda kachota maji ya lile pipa akapikia maharage ya biashara. Makondakta wa stendi wamekula kijiko kimoja wakaomba wenye kiberiti wasogee mbali. Mmoja kamuuliza haya maharage ni ya kula au ya kujaza kwenye basi. Sasa stendi nzima wanamwita Mama Petroli.

Karudi na sufuria limejaa, kaliweka mbele yangu. Kasema kula. Kasema kaka yake alikwenda ziwani kuoa mke, akarudi na gereji.

Nimempikia maharage mapya. Ndani nilikuwa nachemka kuliko sufuria. Na hasira yenyewe sikumkasirikia Idda. Nimeukasirikia moshi. Moshi ndio umeniaibisha. Nikiwasha hivi mbele ya ukoo, Kasimiri atakohoa kwa makusudi, atawakohoza na wengine, na shangazi atasema hiyo si mashine, ni tanuri la matofali.

Moshi unatoka wapi? Kwenye oili. Petroli haina moshi, mtoto mdogo anajua. Basi oili ni ugonjwa. Nitaipunguza.


Jumatano, 18 Juni

Mambo matatu, yote ya akili yangu mwenyewe.

Kwanza, maji ya kupoza hayakuwa yakipanda. Nimefungua chini, kile kipangaboi kidogo cha mpira kinachovuta maji kimeganda kama kaukau. Nimekichonga kipya kwa wembe, kutoka kwenye kandambili. Ya Idda. Ya kushoto tu. Nimekirudisha, nimewasha, na mashine ikakojoa maji pembeni, uzi mrefu mzuri, kama mtoto mwenye afya. Niliita jirani aje aone mkojo. Hakuja.

Pili, oili. Nimepunguza nusu. Moshi ukapungua. Nimepunguza tena. Ukawa kama mvuke wa chai.

Tatu, kabureta ina skrubu ya hewa. Nimeizungusha polepole huku nikisikiliza. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, safi, haina kikohozi hata kidogo. Laiti kifua cha Yusto nacho kingekuwa na skrubu.

Sasa haitoi moshi kabisa. Naweza kuanika nepi juu yake.

Abdulatif kapita kuuliza hali. Kasikiliza, akakunja uso, akasema mbona inalia hivyo, kama ina njaa. Nikamwambia imeshiba, asante, hatununui.

Idda anatafuta kandambili ya kushoto. Nimemsaidia kutafuta.


Ijumaa, 20 Juni

Lupingu. Mwili unauma pote.

Tumeondoka na mashine nikiwa nimeifunga kwa shuka ya kitanda kama mgonjwa. Njombe kondakta kataka kuipakia juu na mikungu ya ndizi. Nimekataa. Kauliza ni maiti? Nikamwambia ni ya baba. Kaniachia kiti kizima, na mama mmoja kanipa pole mpaka njia panda ya Lugarawa. Sikumsahihisha. Pole ni pole.

Tukaanza kushuka. Masikio yakaziba, sweta likavuliwa, soksi za Yusto zikavuliwa. Ziwa lilipoonekana, Yusto alikuwa amelala na kifua chake kimenyamaza. Nilimwekea sikio. Kimya kabisa. Nikajisemea, Skolastika, kesho usipoiwasha mashine hii, unamrudisha huyu kwenye baridi kwa mikono yako.

Mama kanipokea. Magoti yamevimba kama viazi. Kamchukua mjukuu hakumrudisha.

Kasimiri alikuwa mchangani. Kaizunguka mashine, kaona kamba ya lumbesa akatabasamu, kafungua chini, kaona kile kipande cha kandambili akauliza ni namba ngapi. Nikamwambia saba. Kisha akainama, akagusa mahali pa kutolea moshi, akaangalia kidole. Kikavu. Akauliza, hii inakula oili kweli? Mashine ya ziwani mmeinyonyesha mlimani, huku chini itashangaa.

Wivu una sura nyingi. Leo umekuja na sura ya fundi.


Jumamosi, 21 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi, kabla ya watu, Kasimiri kaja na kopo la oili. Kasema dada, ongeza hii. Baba alikuwa anaweka mpaka inavuja. Hewa ya huku ni nzito, petroli yako ni nyepesi, utaiua.

Nimemtazama machoni. Siku ya kugawa, saa ya kugawa, mpinzani wangu ananiletea oili ya bure. Oili ile ile inayoloanisha plagi, mashine ikagoma kuwaka. Anafikiri huko Makambako tunakula baridi tu?

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante kaka, nikaenda nyuma ya nyumba nikaimwaga kwenye shimo la takataka. Kuku wa mama kapita akateleza.

Ukoo ukakaa mchangani. Shangazi Conjesta kwenye kiti, na kitenge chake cha misa. Mashine ikafungwa nyuma ya boti ya baba. Nikavuta kamba. Kimya. Mtu mmoja nyuma akasema inaswali. Nikavuta. Kimya. Kasimiri kakunja mikono, anatazama milimani. Mama kafumba macho, kamkumbatia Yusto kwa nguvu. Nikavuta na baridi yote ya Lyamkena mikononi, ikaitika.

Bila moshi. Hata uzi. Wazee wakasogea kuangalia, mmoja akauliza ni ya umeme? Vigelegele. Shangazi kasimama, kasema neno limetoka, mashine ni ya Skola, nani ana la kusema? Kasimiri kasema hana, ila iongezwe oili kabla haijaenda popote.

Hapo ningezima. Najua mtu mwingine angezima. Lakini alilisema mbele ya watu, kama vile mimi mtoto. Nikamwambia shangazi apande, nimtembeze kwenye mashine ya kaka yake. Akapanda. Nikafungua moto wote na kupita mbele ya Kasimiri, karibu kabisa, aone moshi usiokuwepo.

Tukakata maji. Shangazi kitenge kinapepea, anapungia watu kama askofu. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa kama mbu, tamu. Nikamgeukia shangazi nimwambie, unasikia?

Krrk.

Kimya.

Nikavuta kamba. Haiji. Kuvuta kamba ile ni kuvuta mti na mizizi yake. Chuma kilikuwa cha moto, nimeungua kiganja. Mafundi wanaita kunoki: pistoni imeng'ang'ania ukutani, haipandi wala haishuki. Boti ikaanza kuzunguka taratibu yenyewe. Shangazi akatoa rozari.

Kasimiri kaja na mtumbwi, anapiga kasia bila haraka. Kafunga kamba, katuvuta. Hakucheka. Hata kidogo. Angecheka ningemsamehe.


Jumapili, 22 Juni

Shangazi kasema neno lake halirudi. Mashine ni yangu, ikiwa hai au imekufa. Kanipongeza. Sijui kama alikuwa anadhihaki, uso wake ni mmoja kwa harusi na msiba.

Mchana Kasimiri kaja na samaki wawili na maneno. Anasema yuko fundi Kyela, kazi yake ni mashine za boti tu. Atampelekea, pistoni na ringi zibadilishwe, ukuta ukwanguliwe. Yeye aendeshe boti, mimi na mama tufanye biashara ya usipa, kitakachopatikana tugawane sawa. Nikae huku huku na mtoto, Amos atafuata. Kasema nisirudi kwenye baridi kwa ajili ya hasira.

Mama kasema ni wazo zuri. Shangazi kasema ni wazo zuri. Nimempigia Amos, yuko njiani na viazi, kasema ni wazo zuri sana, mpe shemeji simu nimshukuru. Hata Yusto alikuwa amekaa mapajani mwa Kasimiri, anamvuta ndevu na kucheka.

Watu wote wanaliona zuri. Hapo ndipo nilipojua kuna njama.

Mashine ikishakwenda Kyela na Kasimiri, nani ataiona tena? Itarudi imewaka, na atasema aliyeiwasha ni yeye. Na neno la shangazi ni kwamba mwenye kuiwasha ndiye mwenyewe. Wanafikiri sijui kuhesabu mbele.

Nimewaambia naondoka kesho na mashine yangu. Mama kalia. Nami nimelia, lakini kwa hasira, si sawa na kilio chake.


Jumatano, 25 Juni

Makambako. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Yusto kaanza kukohoa tangu tulipofika Njombe, kila kikohozi kinanipiga mimi.

Idda ametazama mashine inavyorudishwa sebuleni. Ameingia chumbani na viatu vyake vyote, amefunga kwa ufunguo.

Abdulatif nimemwomba pistoni ya chenso. Kaniuliza ya nini. Nilipomwambia, kakaa chini kwenye tairi, kafunika uso na kofia. Alipomaliza kucheka kasema dada, haiingii. Nimemwambia ipo tupa. Kitu kikubwa kinachongwa. Kidogo kinafungwa bati. Kanipa iliyochakaa, bure, anasema anataka kuona. Bure! Huyu sasa nimeanza kumwamini.

Mchana Yusto alipolala nimefungua kichwa cha mashine, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Na hapo nimeona. Wote walikuwa wakiongea, Kasimiri, Abdulatif, wazee wa mchangani, na hakuna hata mmoja aliyechungulia. Pale pistoni ilipong'ang'ania pamejaa weusi. Masizi. Nimeyakwangua kwa kucha, nimeyanusa. Oili iliyoungua.

Kumbe hata ile kidogo ilikuwa nyingi.

Safari hii petroli tupu. Safi, kama maji ya ubatizo. Yusto, mwanangu, vumilia kikohozi kidogo tu. Tunahama.